Fundi, Nipime Nimekaa

Gauni la koseti hushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima, ameshika pumzi, na hajala tangu jana. Mtu wa namna hiyo Muleba hayupo.

Sherehe zetu ni za kukaa. Unatoka Bukoba mjini kwa Kosta, mmebanana watu watano kwenye siti ya nyuma, na mkifika Kemondo zile waya za kifuani zimeshajua mbavu zako zilipo. Ukumbini unakalia kiti cha plastiki chini ya turubai mpaka wazee wamalize kutambulishana, na wazee wa Kihaya hawatambulishani haraka. Kila mmoja ana shahada za watoto wake za kutaja. Kisha inakuja sahani ya ndizi na nyama, imejaa mpaka ukingoni, na shangazi wa bibi harusi amesimama kuhakikisha unamaliza.

Ndugu zetu wa Dar hutucheka tukilalamikia joto. Ni kweli, kipimajoto cha Bukoba mara chache hupita 28. Lakini ziwa lipo mlangoni, mvua ya mwaka hufika milimita 2,000 hivi, na hewa imeshiba maji. Jasho likitoka halina pa kwenda. Linabaki ndani ya gauni, mnasikilizana.

Kwenye sendofu moja kule Kamachumu, binti wa meza yetu aliinama kuokota kijiko, zipu ikaachia mgongoni, katikati kabisa, juu na chini kukiwa kumefungwa vizuri. Tukamfunika kwa kanga. Hatujakaa sawa, wa pili naye akapiga chafya, kanga nyingine. Alipofika wa tatu, MC akaona kanga zimekuwa nyingi, akadhani ni kikundi cha kinamama chenye sare. Akatuita mbele tutoe zawadi. Tulichangishana pale pale, tukacheza kwa kurudi kinyumenyume.

Watu hulaumu kitenge, na mimi sikubaliani nao. Kitenge cha pamba kinapitisha hewa vizuri tu. Adui yuko ndani: bitana ya polista inayong'aa, gamu kifuani, na plastiki za koseti. Siku hizi hata vitenge vyenyewe vingine ni polista tupu. Chomoa uzi mmoja pindoni, uwashe kiberiti. Wa pamba utanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Wa polista utayeyuka, uvimbe, ugande kipande kigumu. Nilifanya hivyo dukani, muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na zimamoto.

Shangazi yangu wa Nshamba alipoona jinsi ninavyopepea gauni kwa sahani ya karatasi, aliuliza swali moja tu: "Siku hizi hamvai shimizi?" Aliuliza kwa huruma, kama anayemuuliza mtu iwapo kwao kuna choo.

Na shangazi yuko sahihi kuliko anavyojua. Huko Ulaya, karne ya 14, mafundi walipoanza kukata magauni yafuate mwili na kuyafunga kwa kamba au safu ya vifungo, wanawake hawakuyavaa juu ya ngozi tupu. Ndani kulikuwa na shimizi ya kitani. Kitani kinanyonya jasho na kukauka upesi, na shimizi ndiyo iliyofuliwa, gauni la sufu likapumzika. Wenzetu wa Uganda, ng'ambo ya Mutukula, nao huzungusha kikoi ndani ya gomesi, kitambaa cha juu kisiwagande.

Basi nikaenda kwa fundi na masharti yangu. Bitana iwe ya pamba nyepesi. Kwapani atie vikwapa, ili mkono unyanyuke bila gauni zima kufuata. Mgongoni, badala ya zipu, atoboe matundu apitishe kamba: kabla ya chakula nimebana, sahani ikija jirani ananilegezea.

"Vikwapa ni vya kanzu, dada," akasema. "Tunamshonea shehe?"

"Na unipime nimekaa."

Hapo aliondoa futi shingoni, akaiweka mezani. "Dada, nikikupima umekaa, hilo litakuwa dera."

Halikuwa dera. Nilipokuwa nimekaa, kiuno kiliongezeka vidole viwili vizima kwenye futi yake, naye akakitazama kiuno changu kana kwamba kimemdanganya siku zote. Sendofu iliyofuata nilimaliza ndizi, nikaongeza, nikanyoosha mikono yote miwili juu kwenye muziki, na mezani wakaanza kunigeuza mgongo wakague zile kamba.

Sasa foleni pale kwa fundi inafika barabarani. Vikwapa anavitoza pembeni, kila kwapa bei yake, na ukimuuliza mshono huo ameutoa wapi, anakujibu bila kupepesa macho kwamba umeingia juzi kutoka Dar.