Kosa la Zulia

Masika Dirma, wilayani Hanang, udongo ukishaloa hauna adabu: humwangusha mwalimu sawa na mwanafunzi. Aliyeanguka njiani kwenda mnadani huinuka chapuchapu, hukagua ndala kana kwamba ndiyo iliyomsukuma, kisha hucheka kabla hajachekwa. Watu humwambia "pole" huku wamebana meno. Kesi imekwisha.

Wakubwa hawaanguki kirahisi hivyo. Februari 2015, Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe alipopiga mwereka uwanja wa ndege wa Harare, waziri wake wa habari alieleza kwamba mzee alikwazwa na zulia lililojikunja, ila akajizuia kwa umahiri. Dirma hatuna zulia la kusingizia wala waziri wa kukanusha. Na mwenye tope matakoni atakanusha nini?