Kinyumenyume Kutoka Manda

Abiria wanne walikuwa wameshateremka kwenye ndege, mizigo imeshapangwa, kijana wa kamba ameshafungua kamba, na mwenye boti ameshasema bismillahi. Akaisukuma gia mbele. Boti ikaondoka gatini Manda vizuri, ikakata mita thelathini hivi, kisha chini ya maji kukasikika kah! kah! kah!, kama mtu anayevunja nazi kwa hasira. Mashine ikanguruma, boti ikasimama. Mwenye boti akatabasamu, kama wafanyavyo wenye boti wote wasipojua kilichotokea.

Jina la bwana huyu halitatajwa, kwa kuwa mwandishi wa makala haya anaishi naye nyumba moja, ndani ya kanzu moja. Mashine yake nayo haina jina. Ni ya stroki mbili, nguvu ya farasi 40, na jua la Lamu limeshafuta maandishi ya kiwandani, zikabaki herufi mbili zisizofanya neno. Aliinunua ikiwa tayari mzee, akaitunza kama mzee. Hasa gia. Manahodha wenzake waliitupa gia kwa kishindo. Yeye aliiingiza polepole, kidogo kidogo, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Alijisifu kwa hilo barazani, tena zaidi ya mara moja.

Katikati ya mkondo akajaribu mbele tena: kah! kah! Akajaribu nyuma: ikaingia, ikatulia, boti ikaanza kurudi. Kutoka Manda hadi gati ya Lamu si mbali, ila kwa anayekwenda kinyumenyume huku mji mzima unamtazama, ni safari ya kwenda Maskati. Tezi ya boti hiyo ni bapa, haikuchongwa kupasua maji, kwa hiyo mawimbi yakaanza kuchungulia ndani. Isitoshe, propela inapovuta kinyume hutaka kuuinua mguu wa mashine utoke majini, ndiyo maana waliozitengeneza waliweka ndoana ya kuuzuia. Ndoana ya mashine hii ilikatika zamani, na mwenye boti hakuona haja ya nyingine, kwani nani husafiri kwa rivasi? Basi abiria mmoja, bwana mnene aliyevaa suti, akaombwa kwa heshima zote aikumbatie mashine na kuikalia kwa uzito wake. Akaikumbatia mpaka Lamu.

Wazee waliokuwa wamekaa ukutani hawakucheka. Mmoja tu aliuliza, kwa upole wa mtu anayetaka kujua kweli: "Mwanangu, unakuja au unaondoka?"

Kufikia isha ugonjwa ulikuwa umeshapata majina saba. Mvuvi mmoja alisema ni maji kwenye petroli. Mwingine alisema plagi. Wa tatu alisema jicho, akataja na mwenye jicho. Mwenye boti akabadilisha plagi, maana ndicho kitu pekee alichojua kukibadilisha. Mashine ikapata nguvu mpya, na kah! kah! ikasikika vizuri zaidi.

Jirani yake mwenye boti ya usukani akaapa kuwa ni waya. Alikuwa na sababu: mwaka uliotangulia gia yake ilikuwa nzito hata akawa anaisukuma kwa goti. Dawa yake ilikuwa kuuchomoa waya kwenye mashine na kuisogeza gia kwa mkono palepale ilipo. Ikaenda laini kama siagi, akajua mgonjwa ni waya ulioota kutu ndani ya mpira wake, gia haina kosa. Ushauri mzuri sana, isipokuwa mashine ya bwana wetu huendeshwa kwa mkono na haina waya hata mmoja wa gia.

Kipimo cha maana alikileta kijana wa kamba, ambaye hakuna aliyemwuliza. Alichora kwa rangi mstari mmoja kutoka chuma cha katikati ya propela hadi kwenye mapanga yake. Ndani ya kitovu cha propela mna mpira uliobanwa. Ukichoka, chuma cha katikati huzunguka na mapanga hubaki nyuma, na mwenye mashine hulaumu gia bure. Wakaenda baharini, wakarudi (kwa mgongo), wakatazama. Mstari ulikuwa umenyooka vilevile. Mpira mzima.

Hapo mwenye boti akafanya kosa la kuwa na spana.

Gia ya mashine kama hizi hushuka kwa fimbo ya chuma yenye kiungo katikati. Akakilegeza kiungo, akakizungusha mara kadhaa kwa upande uliomvutia, akafunga. Alichokuwa amefanya, bila kujua, ni kuifanya gia iliyo juu iseme nyutro na meno yaliyo chini yaseme mbele. Mashine ina kizuizi cha kuikataza kuwaka ikiwa kwenye gia, lakini kizuizi hicho humsikiliza aliye juu. Habari za chini hakipelekewi. Akavuta kamba. Boti ikaruka mbele, ikaipiga pua kwenye dau lililojaa boriti, kisha gia ikachomoka yenyewe, kana kwamba imetosheka. Mwenye dau alisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Ndipo akaenda kwa fundi. Alipaswa kuanzia huko, lakini fundi ni ami yake, na ami hutoza bei ya udugu, yaani pesa kidogo na maneno mengi.

Fundi hakutaka hata kuiwasha. Alifungua skrubu ya chini ya mguu, ambako oili ya gia hutolewa, na kilichotoka kilikuwa chai ya maziwa: oili iliyochanganyika na maji ya bahari. Nyuma ya propela mshipi wa kuvulia ulikuwa umejizungusha kimyakimya, siku nyingi, hadi ukaikata sili. Kwenye sumaku ya skrubu kulikuwa na ndevu za chuma, na katikati ya ndevu kipande kama punje ya mchele. Fundi akakishika juani kama sonara. "Hili ni jino," akasema.

Akaufungua mguu. Mle ndani gia mbili huzunguka wakati wote mashine ikiwaka, moja ya mbele na moja ya nyuma, kila moja ikielekea kwake, maana zote zinasukumwa na kigia kimoja kutoka juu. Katikati yao, juu ya chuma cha propela, hukaa klachi yenye meno ya pembe kali. Ikikaa katikati ni nyutro. Ikisogea huku au kule, inauma gia moja na kwenda nayo. Pembe za klachi hii, upande wa mbele, zilikuwa zimelika na kuviringana kama sabuni iliyobaki bafuni. Kila boti ilipotaka nguvu, meno hayo yaliteleza na kusukumana. Upande wa nyuma, usiotumika sana, ulikuwa kama mpya.

"Nani aliyekufundisha kuingiza gia?" fundi akauliza.

"Mwenyewe, ami. Naiingiza kwa upole."

"Kwa upole." Fundi akamgeukia mwanafunzi wake, akampa kile chuma akione. "Jino linalosogezwa polepole linagongwa ncha kabla halijauma. Leo limegongwa, kesho limegongwa. Wewe umeibembeleza mpaka umeing'oa meno."

Yapo maoni kwamba mashine za zamani zilikuwa bora. Zile ambazo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, alianza kuuza Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, hazikuwa na gia ya kuingiza wala kutoa: ukiwasha, umeondoka. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka kurudi nyuma kwenye mashine ndogo aliigeuza mashine yote. Johnson ya farasi 10 ya mwaka 1949 ndiyo iliyowazoesha watu mbele, nyutro na nyuma. Mwenye boti aliposimuliwa haya, alisema angependa ile ya 1909.

Klachi na gia ya mbele zilitolewa kwenye mashine iliyokufa nyuma ya karakana. Sili ikawekwa mpya. Oili namba 90 ikapandishwa kutoka tundu la chini hadi ikachuruzika tundu la juu, hewa isibaki, na mwenye boti akabishana sana kuhusu hilo kwa kuwa hajapata kuona chombo kinachojazwa kwa chini. Kisha wakashuka majini kujifunza upya. Punguza mafuta mpaka mashine inong'one, halafu gia itupe mara moja. Mkono ulimtetemeka. Mara tatu aliibembeleza, mara tatu fundi akampiga kibao cha mgongo. Mara ya nne: klak! Kijana wa kamba akaanguka juu ya dumu la petroli, na boti ikaenda mbele, ikabaki mbele.

Jioni wakakaribia gati, omo ikitangulia. Wazee walikuwepo ukutani. Yule aliyeuliza siku ile akakaza macho, akaweka mkono juu ya paji la uso.

"Tuwie radhi, mwanangu," akasema. "Hatukukutambua kwa uso."