Nyota za 2go

Ukikutana na Mkenya aliyekuwa sekondari mwaka 2012, usimwulize alipata gredi gani KCSE. Hapo atazungukazunguka. Mwulize alifika nyota gani 2go, naye atakujibu papo hapo, kifua mbele.

Kwa waliozaliwa juzi: 2go ilianzishwa mwaka 2007 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, Alan Wolff na Ashley Peter. Mwanzoni ilikuwa tovuti ya wanafunzi kuonyeshana ratiba za masomo. Ratiba! Iliyotufikia sisi haikuwa na ratiba hata ya dawa. Ilikuwa programu ndogo ya Java ya kuchati, iliyoingia kwenye Nokia ya vitufe, na bando haikuila, iliionja tu.

Utamu ulikuwa kwenye nyota. Ulianza Novice, ukapanda mdogo mdogo hadi vyeo vya juu kama Master, na hukupandishwa kwa akili wala sura, bali kwa saa ulizokaa hewani. Unakoroma, simu iko hewani, nyota inapanda. Kwa sisi tulioshika mkia darasani, hakuna mahali pengine tulipopewa cheo kwa kuwepo tu.

Sasa, bwenini simu ilikuwa haramu. Jamaa mmoja wa kidato cha tatu akamwachia mwanafunzi wa kutwa nywila yake, amtunzie nyota muhula mzima. Malipo: mandazi mawili kila Ijumaa. Mkataba haukutaja lolote kuhusu binti wa shule jirani ambaye jamaa alikuwa akimrushia salamu tangu likizo ya Aprili.

Yule wa kutwa, mtoto aliyelelewa akaleleka, aliona ni utovu wa adabu ujumbe wa mtu kukaa bila jibu. Akajibu. Tena akajibu vizuri kupita kiasi. Mapenzi ya jamaa wetu yote yalikuwa "mambo" na "umekula?" Wakili wake alimwaga mashairi, akamjulia hali nyanya ya binti aliyekuwa akiugua miguu, akamfafanulia hata hesabu za logi.

Likizo ya Agosti jamaa akafungua akaunti. Nyota imepaa! Kwa furaha akaandika: "mambo, umekula?"

Binti akanyamaza kidogo, kisha: "We ni nani, na simu ya mwenyewe umeitoa wapi?"

Kesi ilisikizwa bwenini muhula wa tatu, baada ya taa kuzimwa. Iliamuliwa kwamba mandazi hayarudishwi, kwa kuwa nyota ilipanda kama ilivyoagizwa. Mengine yalikuwa huduma ya ziada. Jamaa aliapa kukata rufaa, lakini WhatsApp ikaingia, 2go ikafifia, na ushahidi ukafifia nayo. Siku hizi anakesha WhatsApp bila kupata hata nusu nyota. Anachopata ni tiki mbili za buluu, yaani cheti cha kusomwa na kupuuzwa.