Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Mamlaka Husika,
S.L.P. (bado tunaulizia),
Tanzania.

YAH: BAISKELI YANGU YENYE MOTA NA MLIMA ULIO KATI YA NYUMBANI NA KAZINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu, kama jina lako linavyokutaka.

Nakuandikia kwa sababu nimeelekezwa. Kila dirisha nililosimama, mkono mmoja umeshika baiskeli na mwingine bahasha ya kaki, nimejibiwa kwa upole kwamba suala langu ni zuri, ni la kimaendeleo, ila linapaswa kufika kwa mamlaka husika. Nikiuliza uko jengo gani, naonyeshwa dirisha nililotoka. Magazeti nayo hayaishi kukuomba: daraja likivunjika, mamlaka husika; mbwa wakizagaa mitaani, mamlaka husika. Anayeombwa mambo mengi kiasi hicho bila kuonekana, kwa kawaida hujengewa nyumba ya ibada. Mimi nimeona nianze na barua.

Naishi Soni, kazi yangu iko Lushoto mjini. Kama hujawahi kufika huku kwa baiskeli, na nahisi hujawahi, barabara yenyewe inaanzia Mombo, kwenye joto la barabara kuu iendayo Moshi, mita mia nne na ushei kutoka usawa wa bahari. Inaishia Lushoto, karibu mita 1,400. Ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na katikati Fuso za kabichi zinazoshuka kuwahi Dar es Salaam. Wajerumani waliipenda Lushoto kwa ubaridi wake, wakaiita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Mfalme mwenyewe hakuja kuupanda mlima. Kwa nini nisipande Noah za abiria kama wengine? Napanda, mvua ikinyesha, tena kwa kukunjwa.

Chombo changu ni baiskeli. Ina pedali, ina cheni, ina kengele, ina keria ya kufungia mzigo. Kilichoongezeka ni betri kwenye fremu na mota ya wati 250, ambayo hunisaidia ninapokanyaga; nikiacha, nayo inaacha. Haina moshi wala kelele.

Dirisha la kwanza waliiona mota, wakasema ni pikipiki, niende kuisajili. Dirisha la usajili nilimkuta kijana mwenye nia njema kabisa. Alifungua fomu kwenye kompyuta, akafika penye namba ya injini, akaniangalia. Nikamwambia hakuna injini. Namba ya chesisi? Ipo namba iliyogongwa chini ya fremu, lakini ni fupi, na fomu ilikuwa na visanduku vingi kuliko tarakimu zangu. Ujazo wa injini, cc ngapi? Nikasema sifuri. Akaandika sifuri. Kompyuta ikaikataa kwa maandishi mekundu. Tukajaribu moja, ikakubali, ila hapo ndipo kijana alipoingiwa na hofu ya Mungu, akaifuta, akanishauri nikuone wewe. Dirisha la bima wakataka kadi ya usajili kwanza. Barabarani, askari mmoja aliona pedali, akanipungia mkono nipite. Siku nyingine mwenzake, kona ileile, aliona betri, akaniomba leseni. Kuna siku nilitoka nyumbani na baiskeli nikarudi na pikipiki, bila kushuka kwenye tandiko.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na imetiwa viraka tangu hapo. Siishambulii, mwaka ule wabunge walikuwa na mambo mengine mezani. Ila ili kumbukumbu zikae sawa, Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli ya umeme, mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma, mwaka 1895. Tulikuwa nyuma kwa miaka 78 siku ile sheria inapitishwa. Hakuna haja ya kukurupuka sasa.

Najua siku utakapopatikana utaunda kamati, na kamati itasafiri kwenda kujifunza, kwa posho. Ombi langu kubwa kuliko yote ni hili: isiende Uholanzi. Watarudi na picha nzuri na kanuni ya Umoja wa Ulaya, kwamba mota isizidi wati 250 na msaada wake ukome baiskeli ikifika kilomita 25 kwa saa. Kanuni safi, kwa nchi ambayo robo yake hivi iko chini ya usawa wa bahari. Ilete huku kwetu milima ya Usambara uone. Mimi na baiskeli yangu tuna kilo 100. Penye mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, wati hizo 250, miguu yangu ikiwa ya kusindikiza tu, zinatupandisha kwa kilomita 10 hivi kwa saa. Sasa nifunge kilo 60 za karoti kwenye keria, kama wanavyofunga majirani zangu: tunabaki na kilomita 6, mwendo wa mtu anayewahi msiba kwa miguu. Hizo kilomita 25 tunazokatazwa tusizivuke hatutaziona hata kwa darubini. Mlima umeshaweka kikomo chake cha mwendo, bila bango na bila tochi ya trafiki.

Kamati ikilazimika kupanda ndege, basi iende Trondheim, Norwe. Kuna kilima pale, Brubakken, ambako mwaka 1993 waliweka lifti ya baiskeli. Mtu anabaki kwenye tandiko, anaegemeza mguu wa kulia kwenye kibao, na kibao kinamsukuma mita 130 mpaka juu. Watu wa mji ule waliona wananchi wanahema, wakaleta mashine. Huku kwetu mwananchi akija na mashine yake mwenyewe, anaulizwa cc. Au, kwa nauli ya basi tu, iende Kigali, mji wa vilima vitupu, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria husajiliwa zikiwa za umeme peke yake. Yaani kumbe fomu inayoelewa chombo kisichokunywa petroli inaweza kuchapishwa, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Nilipiga hesabu nyingine nikiwa kwenye foleni. Baiskeli kama yangu kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto inakula nusu uniti ya LUKU hivi, ukiweka na umeme unaopotelea njiani. Nusu uniti! Shangingi linalomleta mgeni rasmi kufungua semina ya mabadiliko ya tabianchi lina zaidi ya tani mbili na nusu. Chuma chote hicho kinapanda mlima ili kilo 80 za mheshimiwa na chupa yake ya maji vifike vikiwa bado vya baridi.

Usidhani lakini nimekuja kuomba kuachwa huru kwa kila kitu. Lipo jambo ambalo ungenikagua ningekushukuru, na hakuna dirisha hata moja lililoniuliza: breki. Kupanda ni kazi ya betri. Kushuka ni kazi ya vipande vya raba. Kilo 100 zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati ya kuchemsha lita tatu za maji. Upepo na matairi huchukua sehemu yao, kinachobaki chote kinaishia kwenye breki, na mota ya baiskeli nyingi za aina hii haikusaidii lolote kwenye mteremko. Ongeza kwamba chombo chenyewe ni kizito, betri peke yake ina kilo tatu hivi, na baadhi ya baiskeli hizi huuzwa na breki zilezile za waya za baiskeli ya kawaida. Nikishuka Mombo mwishoni mwa wiki, harufu ya raba inayoungua inanifikia kona chache tu baada ya Soni. Vidole vimekufa ganzi kwa kukaza, Fuso iko nyuma inahema, mbele ni ukungu. Hapo ndipo mtu hutamani sana kuwa na serikali.

Na mimi nina nafuu. Wapo vijana wanaofunga injini ndogo za petroli, hizi za cc 80, kwenye baiskeli za kawaida za Phoenix. Hao wana mwendo wa pikipiki na breki za baiskeli. Ukitaka kuwafuata, wafuate, ila njoo na spana kabla ya kitabu cha faini.

Ninachoomba ni kidogo. Vyombo hivi vipewe daraja lake, vipimwe kwa uzito, mwendo na breki, kisha viachwe vifanye kazi. Upande unaopanda, panapowezekana, tuongezewe mita moja ya lami, maana anayepanda kwa kilomita 6 kwa saa lazima ayumbe, na mstari mweupe wa pembeni kwa sasa unatenganisha barabara na hewa. Ikishindikana, nina pendekezo mbadala ambalo liko ndani ya uwezo wako kabisa: tangaza kwa waraka kwamba mlima haupo. Mshauri mwelekezi athibitishe, mkandarasi wa kuusawazisha alipwe awamu ya kwanza, na jiwe la msingi liwekwe Mombo, kule chini, ili wageni wasipate tabu. Sisi tutaendelea kupanda, kinyume cha waraka.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpanda baiskeli (au pikipiki), Soni

Nakala:
Fundi baiskeli, Mombo: kwa utekelezaji.
Dereva wa shangingi: kwa taarifa. Ukinikuta kwenye kona usipige honi, nimeshakusikia.