Daftari la Picha Mbovu

Katika fani zote anazothubutu mtu kujifunza peke yake bila ya mwalimu, upigaji picha ndio uliojaa hadaa kuliko zote. Ajifunzaye ushoni hupata habari ya makosa yake siku ileile, maana kanzu isiyo na pa kupitisha mkono haihitaji mfasiri. Lakini ajifunzaye kupiga picha huitazama kazi yake mbovu akayaona ndani yake mambo yote yaliyokuwapo saa ile, upepo wa kaskazi, mlio wa dufu, mizaha ya wazee barazani, asitambue kwamba katika hayo yote hakuna hata moja lililokubali kuingia katika karatasi. Anachokitazama ni kumbukumbu yake, na kumbukumbu, kama ijulikanavyo, haitoki na ukungu wala haikatwi kichwa.

Mimi niliingia katika fani hii kwa mlango wa urithi. Marehemu babu yangu, aliyetumia ujana wake baharini, aliacha katika kasha lake kamera ya filamu yenye dirisha dogo la kuchungulia juu ya lenzi, na kwa kuwa katika ukoo wetu hapakutokea mwingine aliyeitaka, ikanikalia mimi. Vijana wa mtaani kwetu hapa Unguja, ambao kila mmoja ana simu ya kumwonyesha picha yake papo hapo, walinistaajabia mno, kwamba mtu apige leo na kungoja juma zima filamu isafishwe ndipo ajue kama alipiga kitu. Fundi wa kusafisha picha, muungwana asiyependa kumvunja mtu moyo, alikuwa akinikabidhi bahasha yangu na kuniambia kwa upole, "Zimesafishika vizuri," nami nikienda zangu nimejaa fahari, hata baadaye sana ndipo nilipong'amua kwamba alikuwa akiisifu kazi yake mwenyewe.

Nilipokosa mkosoaji nje, niliazimia kumtafuta ndani. Nilinunua daftari la mistari, la aina wanayoandikia watoto wa chuoni, nikawa nabandika picha mbovu moja katika kila ukurasa, na chini yake naandika mambo matatu: nilichokusudia, nilichopata, na sababu. Mambo mawili ya kwanza hayakunipa taabu. "Nilichokusudia: Bibi amekaa mlangoni kwa haiba. Nilichopata: mlango." Taabu ilikuwa katika sababu, maana huko nafsi yangu ilidhihirisha ufasaha ambao sikujua kwamba inao. "Bibi alitikisika." "Jua lilikuwa na uadui." "Mtoto alinisukuma." Na zaidi ya zote, "Mbuzi alipita," kwa ajili ya mbuzi mmoja wa jirani ambaye ni kweli hupita, ila hapiti kwa wingi ule. Siku moja ya masika, mvua ikiwa imenifungia ndani, nililisoma daftari lote tangu mwanzo, nikafika kwenye picha niliyoipiga nikiwa ndani ya ngalawa, nchi kavu haionekani, na upeo wa bahari umepinda hata ngalawa iliyo mbele yetu yadhaniwa inateremka mlima; na chini yake nimeandika, kwa mwandiko wa kupendeza kabisa, kwamba mbuzi alipita.

Nikamkumbuka Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 akaishia Cairo. Katika Kitab al-Manazir alibainisha kwamba nuru hwenda kwa mstari ulionyooka, akapanga taa kadhaa mbele ya tundu linaloingia katika chumba cha giza, akaona nuru ya kila taa yaangukia ukutani mahali pake, na akiifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka. Kamera zote, za filamu na za simu, zinafanya kazi kwa kanuni ileile. Lakini mtu huyo huyo, katika kitabu chake kingine cha kuzitilia shaka kauli za Ptolemy, alifundisha kwamba mtafuta haki na ashuku kila anachokisoma, na juu ya hayo aishuku nafsi yake. Ikawa wazi kwangu kwamba aliyetuwekea misingi ya kamera ndiye pia aliyeagua maradhi ya mwenye kamera, nami nimeipokea hidaya ya kwanza nikaisusia ya pili. Tangu siku ile nilipiga marufuku kutajwa katika sababu kiumbe yeyote, mwenye miguu miwili au minne, isipokuwa yule aliyekuwa ameshika kamera.

Faida ya sheria hiyo ilionekana kwanza katika picha ya Bibi. Alikuwa amejitanda doti mpya ya kanga, bado ina harufu ya dukani, akakaa kimya kwa muda ambao jamaa zake hawajapata kumwona akikaa kimya. Picha ilipotoka ilianzia kidevuni. Bibi aliigeuza juu chini, akatazama na mgongo wake, kisha akaniuliza bila ya ghadhabu, "Mjukuu wangu, kichwa changu umempa nani?" Zamani ningeandika kwamba alijiinua. Safari hii niliichunguza kamera, nikaona kwamba dirisha la kuchungulia limekaa juu kidogo ya lenzi, kwa hiyo jicho langu lina njia yake na lenzi ina njia yake. Kwa mtu aliye mbali tofauti hiyo si kitu, lakini kwa mtu aliye karibu lenzi huona chini zaidi kuliko uonavyo wewe, na kinachoachwa nje ni utosi. Fauka ya hayo, mle dirishani mlikuwa na alama ndogo za kuonyesha mpaka wa picha za karibu, ambazo muda wote ule nalikuwa nikizidhania mikwaruzo, na nikazifuta kwa kitambaa mara nyingi nisifanikiwe.

Shauri la pili liligusa heshima ya nyumba. Siku ya Idi nilimsimamisha Mjomba saa sita mchana mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, naye amevaa kanzu ambayo mkewe ameifua, akaitia buluu, akaipiga pasi hata ikawa yaumiza macho. Katika picha ukuta ulitoka umechafuka, kanzu ina rangi ya jivu, na uso wa Mjomba ni giza lenye mashimo mawili mahali pa macho. Mkewe hakuutaja uso. "Basi watu watasema sifui?" aliniuliza, na swali hilo lilinisumbua kuliko karipio lolote. Sababu niliyoipata ni kwamba mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera haijui kanzu wala haijui Idi. Imeundwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, ni kijivu cha wastani, basi ukiipa weupe mtupu huupunguza mpaka uwe kijivu, na uso wa mtu mweusi uliokuwa mbele ya ukuta huo huzama zaidi. Na yale mashimo yalitokana na mahali tunapoishi, nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, ambapo jua la saa sita husimama juu ya utosi na kipaji hutia macho kivuli. Dawa ni kuisogeza kamera karibu na uso, kuupima mwanga wa hapo, na kurudi nyuma bila ya kubadili kipimo. Au kumwingiza mtu kivulini mwa baraza akaelekea nje. Nilimpiga Mjomba tena mlangoni, alasiri. Mkewe aliitazama kanzu kwanza, kisha akamtazama mwenye kanzu, na picha akaichukua.

Usiku wa maulidi ya homu ulinipa fundisho la aina nyingine. Wale waimbaji waliopiga magoti safu kwa safu, wakiyumba pamoja mbele na nyuma, katika picha yangu walikuwa wingu jeupe. Nalikuwa tayari kuandika kwamba kasi ilikuwa ndogo, lakini nikaitazama nguzo ya jengo iliyokuwa nyuma yao, nikaona kwamba nayo imevimba pande zote, ilhali nguzo haiimbi. Basi mkono wangu ndio uliotikisika. Wazoefu husema kwamba mwenye lenzi ya milimita 50, akiishika kwa mkono mtupu, asiende polepole kuliko sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Mimi nilitumia sehemu 1 ya 15, kwa ujasiri wa asiyejua. Safari nyingine niliegemea ukuta, nikazuia pumzi, kasi nikaiacha ileile: nguzo ikatoka imara, na waimbaji wakatoka na ukungu wa kuyumba kwao, ambao ndio uzuri wenyewe wa jambo lile. Nilikuwa nimekwisha ipaka gundi ile picha niibandike daftarini, kwa mazoea, kabla sijafahamu kwamba haina hatia. Mkosoaji asiyejua kuachilia hana tofauti na asiyejua kuhukumu.

Sisemi kwamba mshtakiwa hakujitetea. Kuna picha yangu ya wapwa zangu wakikimbilia baharini, migongo mitupu, nyuso hazionekani, nami niliitafutia wakili mkubwa: Martin Munkácsi wa Hungaria, ambaye karibu na mwaka 1930 alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia maji, ile ijulikanayo kuwa ya Ziwa Tanganyika, nao pia wametoka migongo myeusi bila ya sura, na picha hiyo ndiyo iliyomtia Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa ari ya kushika kamera. Niliziweka picha mbili hizo pamoja nikitaraji kuachiwa huru, na hapo ndipo shahidi wangu aliponigeuka. Katika picha ya Munkácsi miili mitatu yasomeka wazi juu ya weupe wa povu, na mkono wa kila mmoja una pa kukaa. Katika yangu wapwa zangu wamegandamana wakawa mnyama mmoja mwenye miguu mingi, na nguzo ya gati yamtoka mmojawao kichwani. Nikaandika sababu: sikungoja, wala sikusogea hatua moja kando. Bahari haikuwa na kosa.

Sasa jamaa zangu wakija kututembelea hawaombi picha nzuri, ambazo aghalabu huzitazama kwa adabu na kuzirudisha upesi. Huomba daftari, na kicheko chao husikika nyumba ya tatu. Sina ghaidhi nao, maana hukumu yangu ni hii: picha nzuri ya mwanafunzi humfundisha kidogo, kwa kuwa mwenyewe hajui aliipataje, bali picha mbovu iliyoandikiwa sababu ya kweli haina budi kumwongoza. Basi wewe msomaji, unayezifuta picha zako za mwanzo kwa haya kabla hazijakaa simuni, nakuomba uzizuie kidogo. Zingoje siku chache mpaka kumbukumbu ipoe, kisha andika ulichokusudia, ulichopata na sababu. Na katika sababu uanze na jina lako.