Ukitaka Kuwinda Nguruwe Busia

Tuanze na silaha. Iache nyumbani, pamoja na ule mkuki wa babu uliokuwa umepanga kuunoa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimsamehe hata anayewinda kitoweo cha siku moja. Ukikamatwa na paja la ngiri au la nguruwe mwitu, usijaribu kumweleza askari wa KWS kwamba watoto wamechoka kula sukuma wiki. Hilo ataliandika kama maelezo ya mshtakiwa.

Usilete habari za Marekani pia. Ni kweli Texas ilipitisha sheria mwaka 2011 inayoruhusu watu kukodi helikopta na kuwapiga nguruwe pori risasi kutoka angani. Wewe utakodi bodaboda, na mwendeshaji atataka pesa ya mafuta kwanza. Wala usitazame ng'ambo ya daraja la Malaba kwa tamaa. Uganda ilianza kujaribu uwindaji wa leseni kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001, lakini huko ni mbele ya Masaka, na wanaotafutwa ni wale ambao bunduki zao husafiri kwa ndege.

Anayebaki, basi, ni nguruwe wa Busia mwenyewe. Huyu kwenye karatasi za serikali ni mfugo. Ukimkuta barabarani huko Amukura, Nambale au Butula, mwembamba, pua ndefu, akivuka lami bila kutazama upande wowote, utaona kwamba yeye hajazisoma karatasi hizo. Wakati wa kupanda mahindi hufungwa kamba mguuni au kiunoni. Mavuno yakishaingia nyumbani, kamba inafunguliwa na kila boma linalinda chakula chake. Kwa hiyo msimu wa kuwinda hauhitaji kalenda. Angalia kamba.

Usidhani atakuwa mbali. Watafiti walifanya jambo ambalo wazee wa Busia bila shaka walilicheka: waliwavisha nguruwe kumi mikanda ya GPS shingoni na kuwafuatilia dakika tatu kwa tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Nguruwe wa kawaida alitembea mita 4,340 kwa saa 12, na karibu nusu ya muda wake aliutumia nje ya boma lake. Lakini eneo alilozungukia lilikuwa, kwa wastani, mita za mraba 10,343, yaani kama ekari mbili na nusu. Kilomita nne na zaidi ndani ya ekari mbili na nusu! Huyo si mnyama wa kufuatiwa nyayo. Kaa chini ya mwembe, agiza chai, atapita. Ukimkosa, atapita tena.

Kosa linalowaangusha wawindaji wengi wageni ni kudhani kwamba nguruwe asiye na kamba hana mwenyewe. Uliza kwanza, na uulize kwa heshima.

"Shikamoo mama. Huyu nguruwe ni wa nani?"

"Marahaba. Ni wangu. Ila akiwa kwenye mihogo ya shemeji, kama saa hizi, muulize shemeji."

"Nilikuwa nauliza tu, mama."

"Wa kuulizwa hayuko hapa, kijana wangu. Huyu ni wa kununuliwa."

Hapo ndipo uwindaji wenyewe unapoanza, na unafanywa kwa mdomo. Mama atataja bei ya nguruwe, ya mihogo iliyoliwa, na ya ujauzito ambao huenda upo. Dalali atatokea ambaye hukumwita. Vumilia.

Mkishakubaliana, usimkimbize. Mwekee machicha ya busaa kwenye sufuria kuukuu, subiri azamishe pua, kisha shika mguu wa nyuma na usiuachie kwa sababu yoyote. Nguruwe aliyeshikwa mguu hupiga yowe la kumfikia chifu barazani. Watoto watakuja, mbwa watakuja, shemeji mwenye mihogo naye atakuja. Sasa una mashahidi kwamba hukuiba.

Kabla hujatoa pesa, mchunguze ulimi. Hapa sitanii sana. Mlaze ubavu, mwenye nguvu amkalie begani, mti mgumu upitishwe kati ya taya ili kinywa kibaki wazi. Vuta ulimi nje kwa kitambaa maana unateleza, halafu pitisha kidole upande wa chini taratibu, kuanzia shinani hadi nchani. Ukigusa vivimbe vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele, huyo ana mabuu ya tegu. Aliyapata kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo kabla hujamlaumu nguruwe tafuta choo cha boma kilipo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu anahamia tumboni mwake. Akimeza mayai ya tegu, yanaweza kumletea mabuu ubongoni, na kifafa. Madalali wa Busia wanaujua ulimi kuliko wengi wenye vyeti, lakini nguruwe mwenye mabuu machache huupita mtihani huo akiwa ametulia kabisa. Ulimi msafi haujakuruhusu kuwasha jiko.

Jihadhari na nguruwe wa bei ya kutupa. Kijiji kizima kikianza kuuza siku moja, mchana, bila kubishana, jua kwamba homa ya nguruwe imefika. Daktari wa mifugo Montgomery aliieleza homa hii kutoka hapa hapa Kenya mwaka 1921. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, nguruwe wa nyumbani hufa. Binadamu haimpati, na ndiyo maana muuzaji anakutazama usoni bila aibu. Wewe ukimfunga huyo mgonjwa kwenye bodaboda kutoka Angurai hadi Bumala, umeusafirisha msiba kwa nauli yako mwenyewe.

Kusafirisha mzima kunahitaji kibali cha ofisi ya mifugo. Kuvuka naye mpaka kunahitaji karatasi zaidi. Kuna njia za panya, ndiyo, na kila mtu atakuonyesha yake, lakini mzigo unaopiga yowe haupiti kimyakimya.

Mchinjie kichinjioni, akiwepo mkaguzi wa nyama. Mhuri ndio windo lako halisi. Anayekuambia mkaguzi ametoka kidogo anataka ule upesi, na sababu anaijua yeye.

Au fanya wafanyavyo madereva wa malori pale Malaba, ambao foleni imewapa muda wa kufikiri: nenda kwenye bucha yenye jiko, uulize mhuri, uagize nusu kilo ya kukaanga na ugali. Ikija, pasua kipande kinene kuliko vyote. Kikiwa bado chekundu ndani, kirudishe jikoni, hata kama mpishi atakununia.