Bekapu ya Kimyakimya

Siku tatu mfululizo nilimwambia mhasibu wetu, "Mama, wewe lala tu, bekapu ipo," na Mama wa watu akalala.

Mambo yalianza Jumamosi, nilipofungua seva ya ofisi kubadilisha kadi ya SAS, ile inayoiunganisha na mashine ya tepu. Mashine yenyewe ni LTO-5, mkongwe asiye na makuu. Unaitia katriji inayoenea kiganjani, ndani mna mkanda wa mita 846, na inabeba terabaiti 1.5 bila kulalamika. Kelele tu ndiyo tabia yake mbaya: ikiandika hulia kama cherehani iliyokosa mafuta, ikirudisha mkanda mwanzo huvuma kama blenda.

Usiku ule nikaanzisha tar, programu inayofungasha faili na kuzimwaga kwenye tepu. Majina ya faili yakateremka kwenye skrini, kosa hata moja hakuna, na mashine kimya. Kadi mpya hiyo bwana! Nikamtambia hata mlinzi kwamba siku hizi tepu hazipigi kelele.

Jumanne jioni seva ikaanza kukokota miguu. Kutazama RAM, katika gigabaiti 32, 11 zimemezwa na asiyejulikana. Nikamsaka mwizi huyo hadi /dev, kule Linux inakoorodhesha vifaa vyake, nikaandika ls -l /dev/nst0, yaani jina la tepu yetu. Mstari wa tepu ya kweli huanza na herufi c. Wangu ulianza na kistari. Kistari maana yake ni faili la kawaida.

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nikakaa tena.

Kumbe tepu haikuwepo kabisa. Na tar ukiiendesha kama root ni mtumwa asiyeuliza: imeambiwa iandike /dev/nst0, haikukuta kifaa cha jina hilo, ikajiundia faili la jina hilo na kumwaga humo hesabu zote za ofisi. Nayo /dev hukaa kwenye RAM. Yaani nakala ya kutuokoa siku umeme ukifanya vituko vyake, nilikuwa nimeihifadhi mahali ambapo umeme ukipepesa tu, imekwenda. Tena kila usiku niliifuta ya jana kwa kuandika ya leo juu yake.

Nikaendesha lsscsi: diski zote zipo, tepu haipo. Hapo usomi ukanipanda. Nikapakia moduli ya st, ambayo kumbe ilishapakiwa. Nikaipitia dmesg mstari kwa mstari. Nikaanza kuituhumu kerneli, na kerneli haijanikosea kitu. Saa mbili zikapita hivyo, mpaka mzee mlinzi alipopita na tochi yake, akamulika nyuma ya kabati.

"Mwanangu, na huu waya unaoning'inia ni wa nani?"

Ulikuwa wa kwangu. Niliuchomoa mwenyewe Jumamosi ili mkono upate kupita.

Nikazima seva, bekapu ya siku tatu ikaaga dunia papo hapo. Nikachomeka waya, ukasema kle! Nikawasha. Safari hii nst0 ikaja na c yake, na tar ilipoanza, cherehani ikalia chumba kizima. Sijapata kuipenda kelele namna ile.

Karibu saa sita usiku mashine ikaitema katriji. Mzee alikuwa bado mlangoni, anaitazama.

"Imekwisha hiyo kanda?"

"Imekwisha, mzee wangu."

"Basi geuza upande wa pili."